Akili Unde Katika Uandishi wa Tasnifu: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri alikuja ofisini kwangu na sura ya tatu ya pendekezo lake la utafiti, ambamo sampuli ilikuwa ya walimu 384. Nilimwuliza, "Kwa nini 384?" Akafungua ukurasa na kunisomea sentensi iliyomo. Nikamwuliza tena, akaisoma tena. Sentensi yenyewe ilikuwa safi kuliko nyingi ninazoletewa, ila haikuwa yake: akili unde ndiyo iliyomwandikia, naye akaiamini kwa sababu ilikuwa imepangika. Hakuwa mvivu. Alikuwa ameshazunguka shuleni, ameshaongea na walimu wakuu, na tatizo la utafiti wake alilijua kuliko mimi. Kilichomponza ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwonyesha namna ya kuitumia zana hiyo bila kuikabidhi kazi ya kufikiri.

Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu maswali kwa maandishi, ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, wanafunzi wetu wengi wamejifunza kuitumia peke yao, usiku, kwa bando la simu, na wahadhiri wengi tumebaki kati ya kukataza na kunyamaza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayeandika tasnifu ya shahada ya kwanza au ya umahiri, na umepangwa kwa kufuata safari ya utafiti wenyewe. Kipimo ninachokitumia katika kila hatua ni kimoja: kila kilichomo katika tasnifu uweze kukieleza na kukitetea kwa kinywa chako, kompyuta ikiwa imezimwa.

Hatua ya 1: Pata ruhusa kwa maandishi kabla hujaanza

Anza kwa kusoma kanuni za chuo chako kuhusu udanganyifu wa kitaaluma, kisha mwongozo wa idara wa kuandika tasnifu. Vyuo havifanani katika jambo hili, na hata ndani ya chuo kimoja mhadhiri mmoja anaweza kuruhusu anachokikataza mwenzake. UNESCO ilitoa mwongozo wake kuhusu akili unde katika elimu na utafiti mwezi Septemba 2023, lakini uamuzi wa nini kinaruhusiwa katika tasnifu yako uko kwa chuo na msimamizi wako. Usikisie. Mwandikie msimamizi ujumbe mfupi, ulitaje tumizi unalolikusudia, na uyahifadhi majibu yake. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo Daktari. Naomba mwongozo wako kabla sijaanza kuandika. Ninakusudia kutumia akili unde kwa mambo mawili: kunihoji kuhusu hoja zangu, na kusahihisha sarufi ya rasimu nitakazokuwa nimeziandika mwenyewe. Sitaitumia kuandika aya wala kuchambua mahojiano. Je, idara inaruhusu, na matumizi hayo niyatamke wapi?"

Msimamizi akijibu kwa mdomo tu, mwandikie siku hiyohiyo kumkumbusha mlichokubaliana. Hilo linawalinda nyote wawili.

Hatua ya 2: Fahamu unazungumza na kitu gani

Modeli ya lugha, yaani mashine iliyo ndani ya programu kama ChatGPT, si maktaba na si mtaalamu aliyejificha nyuma ya kioo. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno hadi ikaweza kukadiria neno lipi lina uwezekano mkubwa wa kufuata baada ya mengine, na kwa ukadirio huo hujenga sentensi moja baada ya nyingine. Ndiyo maana huweza kuandika jambo la kweli na la uongo kwa sauti ileile ya kujiamini. Zana za siku hizi zinaweza pia kutafuta mtandaoni na kuonyesha viungo, jambo linalosaidia, lakini kiungo kikiwepo haina maana kwamba ukurasa wake unasema kile ulichoambiwa kwamba unasema.

Mwezi Juni 2023 mawakili wawili wa New York pamoja na kampuni yao ya uwakili walitozwa na mahakama faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza zana hiyohiyo kama kesi ni za kweli, ikamjibu kwamba ni za kweli. Kumbuka jambo hilo kila unaposhawishika kumwuliza shahidi huyohuyo athibitishe ushahidi wake mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika kwanza, uliza baadaye

Kabla hujafungua programu yoyote, chukua karatasi uandike kwa mkono mambo matatu: tatizo unalolichunguza, swali la utafiti, na sababu inayokufanya uamini kwamba swali hilo halijajibiwa. Karatasi hiyo, hata ikiwa na makosa, itunze na uiandike tarehe. Ukianza kwa kuomba mada kumi kutoka kwa akili unde, utapewa mada ambazo wenzako nao wamepewa, pana kiasi cha kutofanyika, na zisizo na uhusiano wowote na kata, hospitali au soko unalolijua.

Ukishakuwa na swali lako, mpe mashine kazi ya mpinzani. Iandikie hivi: "Hili ni swali langu la utafiti na hizi ni sababu zangu za kulichagua. Usiliandike upya wala usinisifu. Niulize maswali kumi ambayo mtahini mkali angeniuliza, swali moja baada ya jingine, na usubiri nijibu." Maneno ya kukataza sifa yana kazi yake, kwani zana hizi zina tabia ya kumkubalia anayeziuliza. Majibu yaandike kwa maneno yako, na pale unaposhindwa kujibu, ujue umepata mahali pa kwenda kusoma. Kwa maoni yangu hili ndilo tumizi bora kuliko yote kwa mwanafunzi, kwa sababu linamwongezea kazi ya kufikiri badala ya kumpunguzia.

Hatua ya 4: Kagua kila rejeleo mpaka kwenye chanzo

Marejeleo ya kubuni hayafanani na uongo wa kawaida. Mara nyingi huchanganya kweli na uzushi: mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaelekea kuwa sahihi, lakini makala yenyewe haipo. Mtahini anayemfahamu mwandishi huyo atagundua kwa dakika moja.

Kwa kila rejeleo, fanya hivi. Tafuta kichwa kamili cha makala katika Google Scholar au katika katalogi ya maktaba ya chuo. Kama lina DOI, yaani ile namba ya utambulisho inayoanza na 10, iingize katika doi.org uone inakupeleka kwenye makala gani, kwa sababu DOI ya kweli inaweza kubandikwa kwenye kichwa cha uongo. Linganisha majina ya waandishi, mwaka, jarida, juzuu na kurasa. Kisha ifungue makala na usome, si ikisiri peke yake, bali ule ukurasa unaobeba hoja unayoitaka. Muhtasari wa akili unde unaweza kugeuza "hatukuona uhusiano" kuwa "uhusiano ulionekana", na kosa hilo halionekani kwa kukagua orodha ya marejeleo, linaonekana kwa kusoma tu.

Fungua daftari au jedwali la ukaguzi. Kila mstari ubebe rejeleo moja, tarehe uliyolisoma, ukurasa uliouona, na sentensi moja ya maneno yako inayoeleza chanzo kinasema nini. Rejeleo lisilo na mstari wake lisiingie katika tasnifu.

Takwimu nazo zihakikiwe vivyo hivyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, ilhali ile ya 2012 ilihesabu 44,928,923. Mashine inaweza kukupa namba ya zamani kana kwamba ni ya sasa, au kuzidisha kwa makadirio yake yenyewe bila kukuambia. Nenda kwenye ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tena ukumbuke kwamba kazi nyingi zinazohusu maeneo yetu, hasa tasnifu za waliokutangulia na ripoti za wilaya, zimebaki kwenye rafu za maktaba na hazijawahi kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo akili unde haizijui. Mwanafunzi anayesema "hakuna utafiti uliofanyika" kwa sababu mashine haikuuona anawafuta watu waliofanya kazi hiyo kabla yake.

Hatua ya 5: Linda waliokuamini

Mtu anapokubali kuhojiwa, anakukubali wewe. Hakukubali sauti yake ipelekwe kwenye seva za kampuni iliyo nje ya nchi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hata kama sheria hizi zisingekuwapo, ahadi ya usiri uliyoitoa katika fomu ya ridhaa ingetosha kukufunga.

Usipakie rekodi za mahojiano, orodha za majina, matokeo ya mitihani wala taarifa za wagonjwa katika programu ya mtandaoni bila ridhaa ya wahusika na kibali cha kamati ya maadili. Kuondoa majina pekee hakutoshi. Ukiandika "mwalimu mkuu mwanamke wa shule ya kata yenye mabweni", na katika wilaya nzima yuko mmoja, umeshamtaja. Baadhi ya programu zina mpangilio wa kuzuia mazungumzo yako yasitumike kuifunza modeli. Uwashe, lakini usiufanye badala ya ridhaa. Wanaochangia akaunti moja ya kulipia ili kugawana gharama, jambo ninaloelewa kabisa sababu yake, wajue kwamba kila mmoja wao anayaona mazungumzo ya wenzake.

Kama unahitaji msaada wa kunukuu sauti, zipo programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti, kama Whisper, ambayo ukishaipakua haipeleki sauti popote. Inafahamu Kiswahili, lakini hukosea, hasa penye kelele na penye kuchanganya lugha, hivyo ni lazima usikilize rekodi yote huku ukisahihisha. Kama huna mpango wa kutumia zana yoyote ya mtandaoni, sema hivyo katika fomu ya ridhaa: "Sauti yako haitapakiwa katika programu yoyote ya mtandaoni, itasikilizwa na mtafiti peke yake na itafutwa baada ya tasnifu kukamilika."

Hatua ya 6: Tafsiri kwa tahadhari kubwa kuliko unavyodhani

Wengi wetu hukusanya data kwa Kiswahili na kuandika tasnifu kwa Kiingereza. Hapa ndipo ninapoona hasara ambayo haionekani, kwa sababu tafsiri ya mashine husomeka vizuri sana.

Chukua maneno ya mwanafunzi wa sekondari: "Naamka saa kumi, nateka maji, saa moja nipo darasani." Kila msomaji wa Kiswahili anajua kwamba binti huyu huamka alfajiri, saa mbili kabla ya jua kuchomoza. Tafsiri ya neno kwa neno itamwamsha saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na hoja nzima kuhusu uchovu wa watoto wa kike darasani itapotea. Mkulima wa Morogoro akisema "vuli ya mwaka ule haikunyesha", mashine inaweza kumpeleka kwenye msimu wa kupukutika majani wa Ulaya. Mgonjwa akisema "ukienda bila chai husikilizwi", si chai ya kwenye kikombe. Mjomba, baba mdogo na mume wa shangazi hugeuka mtu mmoja, na katika utafiti wa mirathi hilo ni kosa kubwa.

Jingine ni jinsia. Kiswahili hakimgawi mtu: "Alikuja daktari, akaniambia nisubiri" haisemi kama daktari ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hulazimisha kuchagua, na mashine mara nyingi humfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, ingawa msailiwa hakusema hivyo. Ukichambua jinsia kwa kutumia tafsiri hiyo, unachambua mazoea ya mashine.

Kwa hiyo fanya uchambuzi kwenye maneno ya Kiswahili, na utafsiri tu yale utakayoyanukuu. Ukitumia zana kupata rasimu ya tafsiri, na maneno hayo yakiwa yameshaondolewa utambulisho na ridhaa ipo, mpe mwenzako anayezijua lugha zote mbili airudishe kwenye Kiswahili bila kuona maneno ya awali, kisha ulinganishe. Maneno asilia yaweke katika kiambatisho, ili msomaji aweze kukuhukumu.

Hatua ya 7: Hesabu mwenyewe angalau mara moja

Nirudi kwa wale walimu 384. Namba hiyo haikutoka hewani. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, bila kujua mgawanyiko wa majibu, unazidisha 1.96, namba ya uhakika huo, kwa 1.96, kisha kwa 0.5 na 0.5, unagawa kwa 0.05 mara 0.05, na unapata 384.16. Lakini hiyo ni kwa jamii kubwa mno. Wilaya ya mwanafunzi wangu ilikuwa na walimu 600 wa sekondari. Kwa jamii ndogo kama hiyo unagawa 384.16 kwa jumla ya 1 na matokeo ya kugawa 383.16 (384.16 ukitoa 1) kwa 600, yaani kwa 1.6386, na unapata 234.4, ambayo ukiikamilisha kwenda juu ni 235.

Tulilifanya hesabu hilo pamoja kwa kalamu mezani pangu, na lilichukua dakika sita. Alikuwa ameshabajeti kuchapisha hojaji 384 za kurasa nne kila moja. Zilipungua 149, karibu kurasa mia sita, pamoja na nauli na siku za kuzifuatilia shuleni.

Akili unde inaweza kukueleza kanuni, inaweza kukuandikia maagizo ya programu za takwimu kama R au SPSS, na inafanya hivyo vizuri. Ipe data za kubuni, si za wasailiwa wako. Kisha jaribu maagizo hayo kwenye mistari mitano ambayo unaweza kuihesabu kwa mkono, na kama majibu hayalingani usiendelee.

Hatua ya 8: Uhariri usiwe uandishi

Ikiwa umeruhusiwa kutumia zana kusahihisha lugha, ipe aya moja moja uliyoiandika mwenyewe, na uiagize ionyeshe kila badiliko na sababu yake. Kubali au kataa badiliko mojamoja. Angalia zaidi maneno madogo. "Baadhi ya walimu walieleza" likigeuzwa "walimu walieleza", na "huenda inachangia" likigeuzwa "inachangia", sentensi imenyooka na madai yamekuwa ya uongo. Rasimu zote zitunze kwa tarehe.

Hatua ya 9: Tamka ulichofanya

Akili unde haiwezi kuwa mwandishi mwenza, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ilisema hivyo waziwazi mwezi Februari 2023. Wewe ndiye mwenye kuwajibika, kwa hiyo weka tamko katika ikirari au katika sura ya mbinu, kadiri idara inavyoelekeza:

"Katika kuandaa tasnifu hii nilitumia (jina la programu na toleo lake) kati ya Januari na Juni kwa ajili ya kusahihisha sarufi katika sura ya pili na ya nne, na kupata maswali ya kujipima kuhusu muundo wa utafiti. Hakuna aya, data wala rejeleo lililozalishwa na programu hiyo. Nimekagua kila badiliko, na makosa yaliyobaki ni yangu."

Tamko liwe la kweli neno kwa neno. Mwanafunzi anayetamka kidogo na kutumia sana yuko pabaya kuliko asiyetamka, kwa sababu ameongeza uongo uliotiwa saini.

Hatua ya 10: Jiandae kwa tuhuma, hata kama huna kosa

Programu za kugundua maandishi ya akili unde hukosea, na hukosea zaidi dhidi ya watu kama sisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipojaribu mwaka 2023 programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake ya ugunduzi mwezi Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi mdogo. Sentensi fupi na msamiati wa kawaida, ambavyo ndivyo tunavyofundishwa, huonekana kwao kama dalili ya mashine.

Wahadhiri wenzangu, nawasihi tusimhukumu mwanafunzi kwa asilimia iliyotolewa na programu. Tumwite, tumwombe aeleze hoja ya ukurasa fulani, tuone rasimu zake. Nusu saa ya mazungumzo hutufahamisha zaidi. Nawe mwanafunzi, uwe na vitu vya kuonyesha: ile karatasi ya hatua ya tatu, jedwali la ukaguzi wa marejeleo, historia ya matoleo ya faili lako, daftari la uwandani, na mazungumzo yako na akili unde yaliyohifadhiwa kwa tarehe.

Hatua ya 11: Zima kompyuta na ujitetee

Wiki mbili kabla ya kutetea tasnifu, mpe mwenzako nakala iliyochapishwa, naye afungue ukurasa wowote, aweke kidole kwenye sentensi yoyote, aulize: hii ina maana gani, umeipata wapi, na kwa nini umeiamini? Usiwe na simu mkononi. Kila sentensi inayokushinda itiwe alama kwa kalamu nyekundu. Jioni hiyo rudi kwenye chanzo chake, uielewe na kuiandika upya kwa maneno yako. Ikikushinda tena, ifute. Rudieni zoezi hilo siku tatu zisizofuatana, na mara ya mwisho anzeni na sura ya tatu.